Ibn al-Nafis, Tabibu Aliyeifuata Njia ya Damu

Mwaka jana nilifunga safari kutoka Mombasa hadi Kamukuywa, mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Webuye kwenda Kitale. Sikwenda kwa ajili ya mashairi wala kutafuta habari za gazeti. Nilikwenda kumwona dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko yapata miaka 35 iliyopita na mfanyabiashara wa mahindi. Aliiacha bahari, minazi na jamaa zake, akawa mwenyeji wa bara.

Alinipokea kwa furaha, na jioni tukatoka pamoja kwenda sokoni. Kwenda ni mteremko, na kurudi ni kilima kidogo ambacho mtoto wa chuo hukipanda akikimbia. Lakini dada alisimama mara nne kabla hatujafika nyumbani. Mara ya kwanza alijifanya anatazama mahindi ya jirani. Mara ya pili akaifunga upya kanga yake. Mara ya tatu na ya nne hakuwa tena na kisingizio. Alishika mti, midomo imekuwa rangi ya majivu, akitafuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa nimekwisha kutangulia hatua ishirini, nikimhimiza ajikaze tusije tukaikosa Magharibi.

Usiku ule mawifi zake wakanitolea yaliyokuwa vifuani mwao. Walisema dada amekuwa mvivu. Maji hateki tena, kuni habebi, na hata swala anaswali ameketi juu ya kiti ilhali wazee waliomzidi umri wanarukuu na kusujudu. Nasikitika kuungama kwamba niliwasadiki nusu. Dada mwenyewe hakujitetea. Alikuwa jikoni, katika kibanda kisicho na dirisha, amejiinamia mafigani akipuliza moto wa magunzi na kuni mbichi, na moshi umejaa kibandani hata sikuweza kuuona uso wake. Sisi wa pwani tumezoea kupika uani upepo ukipita. Huko juu kuna baridi, na watu hufunga mlango ili joto lisitoke. Na joto linapofungiwa, moshi nao hufungiwa.

Siku ya tatu tulimpeleka hospitalini. Daktari kijana alimpima pumzi, akampima damu kwa kile chombo kidogo kibanwacho kidoleni, akampeleka kwenye mashine nyingine ya kuupiga picha moyo. Kisha akachukua karatasi akanichorea moyo wenye vyumba vya kulia na vya kushoto, na mapafu mawili ubavuni. Akatia mishale: damu inatoka upande wa kulia, inakwenda mapafuni, inapata hewa, inarudi upande wa kushoto, ndipo inapelekwa mwilini. Ugonjwa wa dada, alisema, umekaa katikati ya njia ile. Moshi wa miaka mingi umeyaharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika yameibana damu isipite sawasawa. Ndiyo maana akiketi hana neno, lakini akipanda kilima moyo wake hushindwa kuisukuma damu ya kutosha.

Nikamwambia kwamba picha ile naijua. Mtu wa kwanza tunayemjua kuieleza njia ile kwa maandishi alikuwa mwanachuoni wa fiqhi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafii, aliyefariki Misri zaidi ya miaka 700 iliyopita. Daktari alinitazama kwa mshangao, kwani yeye shuleni alifundishwa jina la Mwingereza. Basi wasomaji wangu, niliporudi Mombasa nikaona ni deni juu yangu kuwasimulia maisha ya mtu huyu, kisha niwaonyeshe jinsi yanavyomhusu mama mmoja anayetweta katika kilima cha Kamukuywa.

Jina lake kamili ni Ala al-Din Abu al-Hasan Ali ibn Abi al-Hazm al-Qarshi, na watu humwita Ibn al-Nafis. Alizaliwa Sham, Damascus au karibu yake, mwanzoni mwa karne ya 13, yapata mwaka 1210. Dunia ya Kiislamu wakati ule ilikuwa na misukosuko mingi. Salahuddin alikuwa amefariki mwaka 1193, na watoto na ndugu zake waligawana nchi na kugombana. Vita vya Msalaba vilikuwa havijaisha. Na huko mashariki, Wamongoli walikuwa wameanza mwendo wao utakaowafikisha Baghdad mwaka 1258 na kuiteketeza.

Hata hivyo Damascus ilikuwa mji wa elimu. Katika mji huo palikuwa na hospitali mashuhuri iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Zangi katika karne iliyotangulia. Ilikuwa mahali pa kutibia na pa kusomeshea pia. Mwanafunzi hakukaa darasani tu akakariri kitabu. Alimfuata mwalimu wake kitanda hadi kitanda, akaona mgonjwa, akasikia hoja zikijadiliwa. Mwalimu mkubwa wa zama zile alikuwa Muhadhdhab al-Din al-Dakhwar, aliyefariki mwaka 1230, na Ibn al-Nafis alisoma kwake. Mwenzake katika masomo hayo alikuwa Ibn Abi Usaybia, ambaye baadaye aliandika kitabu kikubwa cha maisha ya matabibu. Ajabu ni kwamba katika nakala zijulikanazo zaidi za kitabu hicho, Ibn al-Nafis hana sura yake. Wengine wamedhani palikuwa na kijicho baina yao. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba mambo hayo huwapo hata baina ya watu wa kitabu kimoja.

Lakini asidhani mtu kwamba alisoma tiba peke yake. Alisoma nahau, mantiki, hadithi na fiqhi, na katika fiqhi alifuata madhehebu ya Shafii, yale yale tuyafuatayo wengi wetu katika mwambao huu. Baadaye alihamia Misri, na huko Cairo alisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya. Aliandika sharhi juu ya kitabu cha Tanbih cha Abu Ishaq al-Shirazi, kitabu kikubwa cha madhehebu yetu, na akaandika juu ya elimu ya hadithi. Al-Subki, alipokusanya habari za wanachuoni wa Kishafii, alimtia naye katika safu yao. Kwa hiyo tunapomtaja hatumtaji tabibu aliyekuwa na dini pembeni, wala sheikh aliyejaribu dawa kwa kubahatisha. Elimu zote mbili zilikaa katika kichwa kimoja, na hakuna iliyomfukuza mwenziwe.

Sasa tuje kwenye jambo lililompa jina. Kabla yake, kwa zaidi ya miaka 1,000, matabibu wa Mashariki na Magharibi walimfuata Galen, yule Myunani ambaye Waarabu walimwita Jalinus. Galen alifundisha kwamba damu hutengenezwa katika ini, kisha sehemu yake huingia chumba cha kulia cha moyo. Kutoka hapo, alisema, hupenya kwenda chumba cha kushoto kupitia vitundu vidogo visivyoonekana katika ukuta ulio kati ya vyumba hivyo. Huko kushoto hukutana na hewa itokayo mapafuni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, naye aliifuata kauli hii katika Qanun, kitabu kilichokuwa msahafu wa matabibu, ikiwa naruhusiwa kusema hivyo. Nani angethubutu kuwapinga mabwana wawili hawa?

Mwaka 1242, akiwa kijana wa miaka kama 30 hivi, Ibn al-Nafis aliandika sharhi juu ya sehemu ya Qanun inayohusu viungo vya mwili. Alipofika kwenye moyo akasimama. Alisema ukuta ule wa kati ni mnene na mgumu, na hauna vitundu, si vya kuonekana wala visivyoonekana. Basi ikiwa mlango haupo, damu yapita wapi? Akajibu: hutoka chumba cha kulia kwa mshipa mkubwa uendao mapafuni. Huko husambaa, huchanganyika na hewa na kusafika, kisha hukusanywa na mshipa mwingine na kurudishwa chumba cha kushoto. Njia nyingine hakuna. Akaongeza kwamba baina ya mishipa hiyo miwili ndani ya mapafu lazima pawe na vipenyo vidogo vya kuiunganisha. Na juu ya hayo akasema kwamba moyo wenyewe haulishwi na damu iliyomo vyumbani mwake, ila kwa mishipa iliyotandaa katika mwili wake.

Watu wamebishana sana jinsi alivyoyajua hayo. Mwenyewe aliandika katika dibaji kwamba sheria, na huruma iliyokuwa moyoni mwake, vilimzuia kupasua maiti, na kwamba katika umbo la viungo aliwategemea waliomtangulia, Galen hasa. Wako wataalamu wanaosema kwamba maneno yake yana ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho, na wako wanaosema alifika kwa akili na hoja tu. Mimi sikuwapo wala wao hawakuwapo. Nilipendalo ni adabu yake. Hakumtukana Galen wala hakumdharau Ibn Sina. Aliwasoma kwa heshima yote, na mahali hoja yao ilipokatika, akasema imekatika.

Nasi tumpe haki yake bila kumzidishia. Ibn al-Nafis hakueleza mzunguko wote wa damu mwilini. Hakusema kwamba damu iendayo miguuni hurudi moyoni ikaanza safari upya. Alieleza safari fupi, ya moyoni kwenda mapafuni na kurudi moyoni. Kwa zama zake hilo lilikuwa jambo kubwa, na lilikuwa sahihi.

Huko Cairo cheo chake kilipanda akawa mkuu wa matabibu wa Misri, na husimuliwa kwamba alimtibu Sultani Baybars, yule aliyetawala kuanzia mwaka 1260 hadi 1277. Lakini waliomjua hawakusimulia sana habari za ikulu. Walisimulia habari za kalamu zake. Alipokusudia kuandika, kalamu nyingi zilichongwa na kuwekwa tayari. Yeye aliugeukia ukuta, akaandika kwa yale yaliyomo kifuani bila kufungua kitabu, na kalamu ikiishiwa makali aliitupa akatwaa nyingine ili fikira isikatike. Husimuliwa pia kwamba siku moja alikuwa hamamuni anaoga, wazo likamjia juu ya mapigo ya mshipa. Akatoka kwenye maji, akaitisha wino na karatasi, akaandika risala nzima, kisha akarudi kumaliza kuoga. Sisi watunzi wa mashairi twayafahamu haya, ijapokuwa sisi hutoka hamamuni kwa ubeti mmoja tu.

Alikusudia kuandika kamusi kubwa ya tiba aliyoiita al-Shamil, yenye mijalada 300. Umri haukumtosha, alikamilisha mijalada 80, na baadhi yake ingali imehifadhiwa mpaka leo. Kitabu kilichoenea zaidi ni al-Mujaz, muhtasari wa Qanun, uliosomeshwa vizazi na vizazi kutoka Misri hadi India.

Mwisho wake ni kisa chenye mafunzo. Alipokuwa mzee wa miaka karibu 80 aliugua kwa siku chache. Matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo iwe dawa. Alikataa, akisema hatakutana na Mola wake hali tumboni mwake mna mvinyo. Alifariki tarehe 21 Dhulqaada mwaka 687 wa Hijra, sawa na tarehe 17 Disemba 1288. Nyumba yake na vitabu vyake aliviweka wakfu kwa hospitali ya Mansuri, iliyojengwa Cairo na Sultani Qalawun na kufunguliwa mwaka 1284. Hospitali ile ilipokea maskini na tajiri. Basi kitu alichokikusanya umri mzima alikirudisha kwa wagonjwa.

Baada ya hapo fikira yake kuhusu mapafu ikalala. Vitabu vyake vingine vilisomwa, lakini ukurasa ule haukushikwa na wengi. Huko Ulaya, Michael Servetus alieleza njia ya damu kupitia mapafu mwaka 1553, mwaka ule ule aliochomwa moto Geneva kwa sababu ya itikadi yake. Realdo Colombo akaieleza mwaka 1559. Mwaka 1628 William Harvey, Mwingereza, akaeleza mzunguko wote, na huyo ndiye aliyetajwa kwa daktari wetu shuleni. Kama habari za Ibn al-Nafis ziliwafikia hao wa kwanza au hawakumjua kabisa, wataalamu wangali wanabishana. Mwaka 1661 Marcello Malpighi, kwa kutumia darubini ya kukuzia vitu vidogo, aliona ndani ya mapafu ya chura vijishipa vyembamba viunganishavyo mishipa miwili. Vile vipenyo ambavyo Ibn al-Nafis alisema lazima viwepo vikaonekana kwa jicho.

Ilikuwa mwaka 1924 ndipo haki ilipomrudia. Kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisomea udaktari katika chuo kikuu cha Freiburg huko Ujerumani, alikuta mswada wa ile sharhi katika maktaba ya Berlin. Alipousoma akatambua kilichomo, akauandikia tasnifu yake ya udaktari. Max Meyerhof, daktari na mwanahistoria aliyeishi Cairo, aliieneza habari hiyo duniani. Karibu karne saba zilikuwa zimepita.

Sasa turudi Kamukuywa, maana elimu isiyomfikia mgonjwa ni mzigo wa karatasi.

Ile safari fupi aliyoieleza sheikh wetu ndiyo iliyoharibika ndani ya kifua cha dada yangu. Mapafu ya mtu yana vifuko vidogo vya hewa mamia ya mamilioni, na kila kifuko kimezungukwa na wavu wa vijishipa. Mtu akiwa ametulia, moyo husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika kupitia wavu huo. Akipanda kilima au akibeba ndoo, huenda zikafika lita 15, hata 20 kwa mwenye nguvu. Damu yote hiyo hupita mapafuni, na mapafu mazima huipokea bila taabu. Vijishipa vilivyokuwa vimelala hufunguka, na vilivyo wazi hutanuka. Kwa sababu hiyo upande wa kulia wa moyo hauna haja ya nguvu nyingi. Shinikizo lake katika mshipa wa mapafu ni kama sehemu moja kwa sita ya lile la upande wa kushoto.

Lakini moshi wa kuni, au wa sigara, au kifua kikuu kilichopona kikaacha makovu, huvibomoa vifuko, na kifuko kikibomoka wavu wake wa damu huenda nacho. Njia hupungua. Kisha kuna jambo jingine ambalo wataalamu wawili wa Sweden, Ulf von Euler na Göran Liljestrand, walilionyesha mwaka 1946. Mahali palipo na oksijeni kidogo katika mapafu, mishipa hujikaza. Hiyo ni hekima ya Muumba, kwani damu huzuiwa isipotee mahali pasipo na hewa, ikaelekezwa penye hewa. Lakini ikiwa karibu mapafu yote yamekosa hewa, mishipa hujikaza kila mahali, na baada ya miaka kuta zake huwa nene. Upande wa kulia wa moyo, ulioumbwa kwa kazi nyepesi, hutwishwa kazi nzito. Hutanuka, huchoka, na miguu huanza kuvimba.

Haya si dhana tena. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari kijana wa Kijerumani, alijiingiza mwenyewe mrija mwembamba katika mshipa wa mkono hadi ukamfika moyoni. André Cournand na Dickinson Richards, huko New York, wakaitumia njia hiyo kupima shinikizo ndani ya moyo na mishipa ya mapafu ya wagonjwa. Watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Njia aliyoieleza Ibn al-Nafis ikawa inapitwa kwa mrija na kupimwa kwa milimita za zebaki.

Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii akiketi, damu kidogo inatosha, naye huonekana mzima. Akiinuka kwenda kisimani, miguu inadai damu zaidi. Wavu hauna vijishipa vya akiba vya kufungua, shinikizo hupanda, na damu ifikayo upande wa kushoto haitoshi. Na hewa nayo humsaliti, kwani huingia kifuani ikashindwa kutoka yote kabla pumzi nyingine haijaja. Kifua hujaa kama mpira, kikazidi kuubana moyo. Kuinama, kama mtu arukuuvyo, humzidishia dhiki. Akiwa katika nchi ya juu kama Kamukuywa, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kisha, kwa kuogopa kutweta, huacha kutembea. Misuli ya miguu husinyaa, na kesho hata ile hatua ya jana inakuwa ndefu. Si kila anayetweta ana tatizo hili la damu, na wengi shida yao kubwa ni ile ya hewa. Ndiyo sababu lazima apimwe, asihukumiwe uani.

Na dada yangu hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lasema zaidi ya watu bilioni 2 wangali wanapika kwa kuni, makaa, samadi au mafuta ya taa, na kwamba maradhi ya mapafu ya namna hii yaliua watu milioni 3.5 katika mwaka 2021. Katika nchi zetu, wanaougua ni pamoja na wanawake wasiopata hata siku moja kutia sigara mdomoni.

Mapafu yaliyobomoka hayajengwi upya. Hata hivyo yapo mengi ya kufanywa. La kwanza ni kuuondoa moshi. Ziko dawa za kuvuta za kufungua njia ya hewa, na iko oksijeni kwa yule ambaye vipimo vimeonyesha kwamba damu yake imepungukiwa nayo sana. Na liko jambo lililonishangaza mimi niliyemhimiza dada ajikaze, kwamba mazoezi ni dawa, lakini mazoezi yenye mpango. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari waliwafanyisha mazoezi ya mwendo na ya misuli, kwa wiki sita, watu ambao mapafu yao yaliharibiwa na kifua kikuu, na wengi wakaweza kutembea mbali zaidi. Mapafu yao hayakubadilika. Kilichobadilika ni miguu, ambayo ilijifunza kufanya kazi kubwa kwa damu ndogo.

Kabla sijaondoka Kamukuywa, niliwaita mawifi na shemeji yangu, nikawachorea picha ile ile ya daktari. Nikawaambia kwamba kukaa kitini katika swala kwa asiyeweza kusimama si uvivu, ni ruhusa inayojulikana katika fiqhi, na kwamba mtu aliyekuwa mwalimu wa fiqhi hiyo ndiye aliyetufunulia kwa nini dada hawezi. Nilipokwisha, wifi mkubwa alinyamaza kitambo, kisha akatoka nje bila kusema neno. Asubuhi nilimkuta yeye ndiye aliyewasha moto, na shemeji anapiga kipimo cha dirisha katika ukuta wa jikoni.

Sidai kwamba dada amepona. Anatembea kila asubuhi kiasi alichopangiwa, akihesabu hatua, na anapumzika bila kutafuta kisingizio cha mahindi wala kanga. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama tena. Tulipokuwa tukirudi sokoni alisimama mara mbili, nami nilisimama nyuma yake mpaka alipokuwa tayari. Magharibi tuliiwahi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Nafis, na amnufaishe kwa kila pumzi inayosahilika kwa sababu ya elimu aliyoiacha.